Siku Jina la Jeneroza Lilipotangulia Salamu

Walikuwepo hawa. Mimi, Anjelina Ntahondi, mwenye nyumba. Evarist, fundi wa mtandao, mtoto wa mdogo wangu Paskazia, ndiyo maana ananiita mama mkubwa hata akiwa amenikasirikia. Mzee Salum wa duka la vitenge, jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Kasulu, ambaye hakualikwa. Shemeji Gwimo, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyetoka Kitanga akiwa amevaa koti la harusi yake, na lilikuwa bado linambana. Binti yake Jeneroza alikuwa jikoni anajifanya anachambua maharage. Na kule Kibondo, kwenye spika, Sperasia mwenzangu wa kazi, pamoja na Mzee Bitaliho, mkubwa wa ukoo wa Fideli, kijana aliyetaka kumuoa Jeneroza. Fideli mwenyewe hakuruhusiwa kusema neno, kwa hiyo simhesabu, ingawa Sperasia anasema alikuwepo na jasho lilimfika kwenye viatu.

Nawaandikia ninyi wajukuu mnaosomea mitandao, kwa sababu mnapenda kuniuliza, "Bibi, wewe ulifanya kazi gani kwenye kompyuta na shule uliacha darasa la pili?" Niliongea. Kazi yenyewe iliitwa mjaribu sauti. Vijana fulani walipanga chumba changu cha mbele, wakasimika mlingoti nyuma ya choo, wakaunganisha Kasulu na Kibondo ili watu wazungumze bure. Wakawa wanatafuta mtu wa kuongea kwenye kipaza sauti kutwa nzima. Evarist akawaambia, "Mnaye humo humo ndani. Tena hana swichi ya kumzimia."

Basi nikaajiriwa. Kibondo wakamwajiri Sperasia. Yeye ni wa wale waliovuka kutoka Burundi mgongoni mwa mama zao, akakulia hapa Kasulu, sasa ni raia kama mimi na ana mdomo kuliko mimi. Kila asubuhi nilisema, "Moja, mbili, tatu, nne." Yeye anajibu, "Moja, mbili, tatu, nne zimefika." Evarist anaweka tiki. Tukaendelea hivyo hadi nikaanza kuota tarakimu. Kila kitu sawa. Vijana wakasema mtambo umeiva.

Haukuwa umeiva. Ila hakuna aliyejua, kwa sababu mtu anayehesabu hasalimii.

Hapo lazima niwaeleze mtambo ulivyofanya kazi, na mtanivumilia, maana nimeelezwa na Evarist kwa kutumia vikombe vyangu vya chai na kimoja akakivunja. Ukiongea, mtambo unakata maneno yako pumzi kwa pumzi. Kila pumzi ni kifurushi. Vifurushi vinapanga foleni. Mbele ya foleni kuna vibarua wanne, ndani ya mashine lakini, msije mkaenda kuwatafuta. Kila kibarua anachukua kifurushi kimoja, anakifinya kiwe kidogo, anakifunga, anakirusha mlangoni kiende Kibondo, na maneno ya Kibondo kuja kwetu yanapita kwa hao hao. Kwa kuwa ni wanne, kazi inakwenda haraka. Mimi niliwapa majina ya wabeba mizigo wa soko la zamani: Kagoma, Ntakije, Buchumi na Yoramu. Evarist alisema hawahitaji majina. Mimi nikamwambia siwezi kumlaumu mtu asiye na jina.

Sasa angalieni. Kagoma kachukua kifurushi kikubwa, bado anakifinya. Nyuma yake Yoramu kachukua kidogo, kamaliza, karusha. Kifurushi cha Yoramu kimetoka mbele ya cha Kagoma, na kilikuwa nyuma yake! Foleni iliingia imenyooka, ikatoka imevurugika. Ukisema moja, mbili, tatu, vifurushi vyote vina ukubwa mmoja, hakuna anayempita mwenzake, unaona mtambo mzuri. Lakini nani huku kwetu anaongea kwa pumzi zilizo sawa? Sisi salamu zetu ni ndefu. Unaulizia mtu, mke, watoto, ng'ombe mmoja mmoja, mvua, migomba, unapiga makofi taratibu, unainama kidogo. Jambo lenyewe ulilokuja nalo unalitupia mwishoni, fupi, kama vile limekuponyoka.

Salamu ndefu, jambo fupi. Mnaona balaa linakotokea?

Mzee Bitaliho alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa mizinga ya nyuki, mguu uko kwenye plasta. Kwa desturi yetu, mkubwa wa ukoo wa mwanaume ndiye anayekuja kuposa kwa mdomo wake. Akija mwingine, ni sawa na hawakuja. Simu ya kawaida kule Kitanga inashika ukipanda juu ya kichuguu, na Shemeji Gwimo alisema, "Sitaozesha mwanangu nikiwa juu ya kichuguu kama nyani." Mimi ndiye niliyesema waje kwangu. Nyumba ni ya kaka yake, kwa hiyo ni kwao. Spika ya ofisi itakuwa ndiyo mgeni.

Gwimo akakubali, lakini mgeni apewe heshima ya mgeni. Tukaiweka spika kwenye kigoda. Akasema haiwezekani mgeni akae uchi, tukaivika koti la marehemu. Akasema mgeni hapewi kiti mikono mitupu, tukaweka mbele yake kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Mzee Salum akachungulia dirishani, akaondoka, akarudi na soda ya chungwa. Akaiweka kando ya kibuyu.

"Huenda mgeni ni Mwislamu," akasema.

"Ni spika, Mzee Salum."

"Ndiyo, lakini haijasema dini yake."

Tukakaa. Spika ikakohoa. Halafu ikasema, wazi kabisa, kwa sauti ya Mzee Bitaliho:

"Tunamtaka Jeneroza."

Ikacheka. Heh heh heh.

Ikasema, "Hatukuja na jambo la maana."

Ikapiga makofi. Ikasema, "Na mbuzi je?"

Sijawahi kuona koti likipasuka mgongoni kwa hasira peke yake, lakini la Shemeji Gwimo lilipasuka. "Anamcheka nani?" akaniuliza. "Shemeji, huyu mtu anamcheka nani? Anamtaja mwanangu kabla hajaniamkia, anacheka, anasema si jambo la maana, halafu anajipigia makofi?" Akatoka nje. Wazee wawili wa Kitanga aliokuja nao wakamfuata, ila mmoja alirudi akanyonya mrija mara moja kisha akatoka tena. Na hapo ndipo salamu zikafika, ndefu, tamu, za mtu aliyelelewa: "Mwidiwe Mzee Gwimo, mwidiwe wazee wote mliokaa hapo, mwidiwe kina mama..." Zikawa zinavisalimia vigoda vitupu. Mzee Salum ndiye aliyeitikia, kwa huruma.

Jeneroza akatoka jikoni na ungo wa maharage. Hakulia. Alimtazama Evarist, akasema, "Kaka, umeniozesha Manyovu."

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Manyovu kulikuwa na mwanaume mwenye lori, ameshaleta maneno. Gwimo alimpendea lori. Jeneroza hakumpenda, alisema mtu yule anaongea na lori lake usoni na watu anawapa mgongo. Nikamfuata Gwimo barabarani, nikaongea, nikaongea, mnanijua. Mwisho akasema, "Shemeji, nitakaa mara moja nyingine kwa heshima ya kaka. Nikisikia tena jina la mwanangu kabla sijaulizwa hali ya ng'ombe wangu, anakwenda Manyovu, na koti hili mtanishonea."

Niwaambie ukweli, Evarist alikuwa ameshajua kosa kabla sijafika kizingitini. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mama mkubwa, fupi zimezipita ndefu."

"Basi wapige vibarua."

"Hawapigwi."

"Basi wafukuze, bakiza mmoja."

Hilo lilikuwa wazo langu, na alilijaribu. Akambakiza Kagoma peke yake. Maneno yakatoka yamenyooka kama uzi wa mshona viatu, hakuna wa kumpita mwenzake kwa sababu hakuna mwenzake. Nikafurahi sana hadi mchana, Mzee Salum alipoingia ameshika pindo la kanzu.

"Bi Anjelina, nimemsalimu ndugu yangu wa Kibondo asubuhi. Jibu lake limefika sasa hivi. Nimeshakula, nimeshaswali, nimeshasahau nilimwambia nini. Yeye ananijibu 'hapana'. Hapana nini?"

Mji mzima ulikuwa umejipanga nyuma ya Kagoma. Evarist akawarudisha wote wanne.

Tulijaribu la pili. Evarist akasema, basi kila mtu awe na kibarua wake. Vifurushi vya Bibi Anjelina vyote vinakwenda kwa Ntakije, vya Mzee Salum vyote kwa Yoramu. Maneno ya mtu mmoja hayawezi kupitana, maana yako kwa mtu mmoja, na maneno ya watu wawili tofauti yakipitana hakuna anayejali. Hapo shikeni vizuri, wajukuu, hili nililielewa hadi kwenye mifupa: si lazima mji wote uende kwa mstari mmoja. Salamu za Salum zikitoka mbele ya zangu, nani amekufa? Lililo lazima ni salamu zangu zitoke mbele ya jambo langu.

Siku hizo ndipo nilipoacha kuhesabu tarakimu. Nikaanza kutaja wanawake wa safu ya maharage, soko la zamani, kwa jinsi walivyokaa. Sperasia aliuza pale akiwa msichana, hakuna wa kumdanganya. Na majina yale ni mazuri kwa kujaribia kwa sababu mengine mafupi na mengine yana mkia. Nasema: "Perajia. Anastazia wa nyumba ya bati, yule aliyeachwa na mume akaenda kumchukua mwenyewe kwa mkono. Modesta. Tereza wa Kabanga mwenye mizani iliyolala upande mmoja. Zubeda." Sperasia anasikiliza, halafu anapiga kelele: "Dada! Modesta amekaa kabla ya Anastazia! Hajawahi kukaa pale, Anastazia angemtoa roho!" Nageuka namwambia Evarist, "Kuna aliyepita." Anarudi kwenye kioo cha kompyuta yake.

Kwa njia ya kila mtu na kibarua wake, wanawake wote walikaa mahali pao. Tatizo likawa jingine. Mtu mwingine alipangiwa Ntakije pamoja na mimi, mwanaume wa kuuza mipira ya baiskeli, mwenye pumzi moja inayoweza kufika Uvinza. Nikawa nasubiri nyuma yake huku Buchumi amekaa hana kazi. "Mwambie Buchumi anisaidie," nikasema. Evarist akasema haiwezekani, akinisaidia nitavurugika tena. "Sasa siku ya posa," akaniuliza, "Mzee Bitaliho akiangukia nyuma ya mtu wa mipira?" Jeneroza alikuwa mlangoni, akasema, "Mimi naenda kufunga mizigo ya Manyovu," akaaga akaondoka.

La tatu ndilo lililobaki, na ni la Evarist mwenyewe, mimi nilichangia chai tu. Kifurushi kikiingia tu kwenye foleni, kabla kibarua hajakigusa, kinapewa namba. Hapo mlangoni pa kuingilia, si pa kutokea! Ukizigawa namba pa kutokea umeshachelewa, unaupa namba mvurugiko. Halafu vibarua wote wanne wafanye kazi ya yeyote, wapitane wanavyotaka. Mlangoni pa kutokea akawekwa mlinzi. Akiletewa namba tano wakati namba nne haijatoka, anaishika. Nne ikija, anaitoa nne, kisha tano. Na kila msemaji ana namba zake, ili kigugumizi cha mmoja kisiwacheleweshe wengine.

Nilimpenda sana mlinzi yule. Nikamwita Bi Mkubwa wa Mlangoni.

Tatizo la mlinzi ni uaminifu wake. Asubuhi moja nilitaja safu yangu, nikafika kwa Tereza wa Kabanga, kifurushi cha Tereza kikapotea njiani humo humo ndani, upepo sijui, kibarua kalala sijui. Mlinzi akawa anamsubiri Tereza. Mimi huku naendelea, Zubeda, Kristina, Bernadeta, nimemaliza safu, nimekwenda kuteka maji. Kibondo wao hawasikii kitu. Kwa Sperasia nilikatikia kwa Modesta, katikati ya kazi, kimya. Akasubiri. Akaita. Akahitimisha kwamba nimekufa.

Nilijua nilipoona watu wanaingia uani kwangu na kanga zimefungwa kiunoni. Sperasia alikuwa amempigia simu ya kawaida binti wa mchungaji, binti wa mchungaji akawaambia wanakwaya, wanakwaya walikuwa wameshaanza kugawana nani ataleta sufuria kubwa. Nikatokea nyuma ya nyumba na ndoo kichwani. Mwanakwaya mmoja, Skolastika, akanitazama kwa hasira kabisa: "Mama, sisi tumeshachanga."

Pilau ililiwa. Mzee Salum alikula mara mbili, akaniombea maisha marefu.

Evarist akampa mlinzi kikomo cha uvumilivu. Namba ikikosekana, asubiri kidogo, isipokuja airuke, aendelee na inayofuata. Kidogo kiasi gani? Hapo tuligombana. Ukimpa uvumilivu mfupi, kifurushi kizito ambacho bado kinafinywa kitahesabiwa kimepotea, kumbe kinakuja. Ukimpa mrefu, watu wanakaa kimya kama wamenuniana. Mimi nilisema uwe kama wa kumsubiri mtu anayemeza chai. Siku ya posa ilipofika, Evarist kwa woga wake akauongeza. Hakuniambia. Nilimwona tu anafuta mikono kwenye suruali.

Tukakaa tena. Koti la Gwimo lilikuwa limeshonwa na uzi mweupe. Spika ilivikwa, kibuyu kikawekwa, soda ikawekwa, maana Mzee Salum alisema ile ya kwanza haikuleta madhara. Jeneroza safari hii hakujificha jikoni. Alisimama mlangoni ameshika fremu, na kule nje niliona kifurushi cha nguo zake kiko tayari, sijui cha kwenda wapi.

Spika ikakohoa.

"Mwidiwe Mzee Gwimo. Mwidiwe wazee mliokaa, na ambao hamkukaa. Mwidiwe kina mama. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima," akasema Gwimo, hajalegea.

"Na ng'ombe?"

Uso wake ukalegea. "Wazima."

"Yule mwenye pembe moja?" Sperasia ndiye aliyemfundisha, nilimpa habari zote za zizi.

"Ah! Yupo, yule ni mkorofi yule!" Gwimo akacheka. Spika nayo ikacheka, mahali pake. Makofi yakaja mahali pake. Mvua ikaulizwa, migomba ikaulizwa. Kila kifurushi kimefuata mwenzake. Evarist alikuwa haoni mtu, anatazama kioo. Salamu zikaisha vizuri kabisa, Mzee Bitaliho akasema, "Na sasa, Mzee Gwimo, neno lililotuleta..."

Kimya.

Kimya kikaendelea. Nikamtazama Evarist. Akanionyesha kwa midomo tu: imepotea moja. Mlinzi anasubiri. Na uvumilivu wenyewe ndio huo aliouongeza. Nikasikia inzi akitua kwenye mrija. Mzee Salum akafungua mdomo, nikamkanyaga. Mmoja wa wale wazee wa Kitanga akaanza kusogeza fimbo yake ya kuinukia.

Gwimo akamshika mkono. "Kaa," akasema polepole. "Mnamwona? Huyu si mtu wa kuropoka. Amefika kwenye jina la binti ya mtu, anapima. Yule wa Manyovu aliniambia akiwa hajazima injini."

Wote tukaanza kuheshimu kile kimya. Hata mimi nilikiheshimu, na nilijua kilichomo.

Halafu mlinzi akachoka, akaruka, spika ikasema, taratibu, kama mtu aliyetoka mbali:

"Tunamtaka Jeneroza."

Gwimo akainamisha kichwa. Akakaa hivyo kidogo, ili asionekane ana pupa. Kisha akakichukua kibuyu mbele ya spika, akanyonya yeye kwanza, akampa mzee wa pili, na kwetu hilo ndilo jibu. Jeneroza akaachia fremu ya mlango, akaketi pale pale chini kwenye kizingiti, akawa anacheka bila sauti, mabega tu.

Jioni Sperasia alinipigia simu ya kawaida. Nikamuuliza, dada, ile pumzi iliyopotea kabla ya jina alisema nini yule mzee? Sperasia alicheka hadi ikabidi akate, akapiga upya.

"Aliwageukia kina Fideli," akasema, "akauliza: 'Hivi huyo binti anaitwa nani vile?'"

Shemeji Gwimo yuko hai, na hadi leo akimsifu mkwe wake huanza na hekima ya ule ukimya wa Mzee Bitaliho. Mkimsomea haya, mjue pa kuruka. Na kama kuna jina nililokosea, au kuna mtu alikuwepo nami nimemwacha nje, njooni mniambie nirekebishe. Msimtume Mzee Salum, yeye atasema soda zilikuwa tatu.